Hiyo Si Nauli

Nilisonya. Msonyo mrefu, mpaka muuza kahawa akageuka kunitazama, birika mkononi. Yule ni mzee wa rika la baba yangu, nikamwomba radhi palepale. Lakini neno lililonisonyesha sijalisamehe hadi leo.

Dada anayeuza vitumbua kwenye kona yetu hapa Manzese alikuwa akitusimulia kikao alichoitwa Jumamosi. Ni vile vikao vya kampuni za utafiti wa soko. Wanakusanya watu wanane hivi, wanawaweka chumba kimoja kwa masaa mawili, wanawauliza habari za sabuni, au unga, au maziwa ya pakiti, wakimaliza wanawapa chochote. Yeye aliahidiwa shilingi 30,000. Iliyofika mkononi ni 15,000. Alipouliza akajibiwa: "Hiyo ni nauli tu, dada yangu, si mshahara."

Fundi viatu akadakia: "Sasa unalalamika nini? Umekaa kwenye kiti, umekunywa juisi, umeongea, umepewa hela. Kuongea tu!"

Kuongea tu. Hapo ndipo niliposonya.

Hebu tusikie alichokiongea. Mle ndani binti aliyekuwa akiongoza mjadala aliwauliza: kwa nini mnanunua sabuni ya unga ya pakiti ndogo kila siku, na mnajua kubwa ina nafuu? Wenzake wakajibu hela hakuna. Ni kweli, lakini jibu hilo kila mtu mjini analijua. Dada yetu akasema: "Siku nyingine hela ninayo. Ila mimi nakaa nyumba ya kupanga, wapangaji sita, bomba moja. Nikitoka uani na pakiti kubwa, kila anayefua ataniambia jirani nisaidie kidogo. Simnyimi, kwa sababu kesho mimi ndiye nitakayemwomba chumvi. Pakiti ndogo inaniokoa. Ikiisha imeisha, hakuna wa kunilaumu."

Chumba kikanyamaza. Yule binti akamwomba arudie, polepole. Walikuwa wameshaambiwa mwanzoni kwamba kuna kamera, na kwamba chumba cha pili wamekaa watu wa kampuni ya sabuni wakiwatazama kwenye runinga, na mkalimani anawageuzia maneno kwenda Kiingereza. Dada anasema alisikia viti vya huko vikiburutwa.

Viliburutwa kwa haki. Mwenye kiwanda anaweza kukaa na hesabu zake za mauzo miaka kumi asilione jambo hilo. Hesabu itamwambia pakiti ndogo zinatoka. Haitamwambia kuhusu aibu ya kumnyima jirani mbele ya bomba. Hiyo imo kwenye kichwa cha mwanamke aliyeinama uani na beseni lake, na ukiitaka lazima umwite, umkalishe, umsikilize. Leo akitokea mtu akatengeneza pakiti, au bei, au tangazo kwa kufuata maneno yale, atapata fedha ambazo sisi hapa kijiweni hatujawahi kuzihesabu. Kisha fundi viatu ananiambia ni kuongea tu!

Nikamweleza fundi jambo hili lilikoanzia. Mwaka 1941, New York, mtafiti mmoja wa redio aitwaye Paul Lazarsfeld alimwalika chakula cha jioni mwanasosholojia mwenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Robert Merton. Badala ya kula kwa utulivu, akamchukua hadi studio. Huko walikuwa wamekaa wasikilizaji mbele ya vitufe: kipindi kikikuchukiza unabonyeza chekundu, kikikupendeza unabonyeza cha kijani. Mashine inachora. Wakimaliza, mtu anawauliza sababu. Merton aliona hapohapo kwamba maswali yale yalikuwa yanaulizwa vibaya, na kazi aliyoifanya baadaye, pamoja na Patricia Kendall, ndiyo iliyoonyesha namna ya kumfanya mtu aeleze kilichomgusa bila kumtilia maneno mdomoni. Kitufe kilikuwepo tangu siku ya kwanza, na hakikutosha. Kwa hiyo zaidi ya miaka 80 watafiti wanachokitafuta kwetu ni ile "kwa nini". Bidhaa ni hiyo, na mwenye bidhaa ni dada wa vitumbua.

Sasa angalia neno nauli linavyofanya kazi yake. Mshahara una kiwango, unaweza kuudai. Malipo yana risiti. Nauli haina mwenyewe. Ukipewa nauli umefadhiliwa, na aliyefadhiliwa hahesabu mbele ya watu. Pesa inatoka kwa mwenye sabuni, inapita kwa kampuni ya utafiti, inashuka kwa mratibu, inashuka kwa mama wa mtaani anayekusanya watu, ndipo inakufikia wewe. Na kwa kuwa ni nauli, kila mkono inamopita unaona hakuna ubaya kuipunguza. Karatasi aliyosaini dada ilikuwa na jina lake na namba yake ya simu. Kiasi hakikuandikwa.

Na nauli yenyewe ni ipi? Alipanda daladala mbili kwenda Mikocheni na mbili kurudi. Jumamosi ni siku yake kubwa ya biashara, hakukaanga. Mtoto alimwachia jirani, akamnunulia jirani sukari ya shukrani. Toa hizo zote kwenye 15,000, uone kilichobaki kwa yale masaa mawili ya akili yake.

Kijana wa bodaboda yeye alikuwa anacheka. Akasema mwezi uliopita ameingia vikao vitatu. Cha kwanza alikuwa mnywaji wa soda za kuongeza nguvu, cha pili baba wa watoto wanne, cha tatu anafuga kuku. Hajaoa, na kuku kwao wanaliwa tu. Wanaouliza mlangoni wana dodoso: unafanya kazi redioni, au kwenye kampuni ya matangazo, au ya utafiti? Umeshiriki mjadala wowote miezi sita iliyopita? Nyumbani una friji, unapikia nini, sakafu ni ya nini? Majibu yote ameshafundishwa kwenye simu na anayemkusanya.

Wengine walimcheka kwa kumsifu. Mimi sikuweza. Nilimwambia, mdogo wangu, hapo umemwibia mfugaji wa kweli. Yupo mtu Kivule kuku wake wanakufa kila msimu, ana neno zito la kuwaambia wauza chakula cha kuku na wauza dawa, na kiti chake umekalia wewe. Uwongo wako unaandikwa, unatafsiriwa, unapelekwa mezani kwa mkubwa kama sauti ya wafugaji. Chakula kibaya kikija sokoni, tutasema wazungu hawatujui. Watatujuaje, ikiwa aliyetusemea ndiye wewe?

Na hata majibu ya kweli yanaweza kupotosha. Mwaka 1985 kampuni ya Coca-Cola kule Marekani iliwaonjesha karibu watu 200,000 kabla ya kubadilisha kinywaji chake. Wengi walisema kipya ni kitamu zaidi. Wakakitoa mwezi Aprili, nchi ikachachamaa, na baada ya siku 79 kile cha zamani kikarudishwa. Watu wale hawakudanganya. Waliulizwa kipi kitamu, wakajibu kipi kitamu. Uchungu wa kunyang'anywa kinywaji walichokua nacho haukupimwa sawasawa. Ikiwa ukweli wa watu 200,000 uliweza kupotosha kwa sababu swali lilipungua, fikiria chumba cha watu wanane ambamo watano wamefundishwa la kusema.

Muuza kahawa ndiye aliyenituliza. Alimimina, akanisukumia kikombe, akasema: "Mwanangu, usimlaani sana yule mama anayekusanya. Namfahamu. Analipwa kwa kichwa. Anazunguka kwenye jua siku nzima kutafuta mwanamke wa umri fulani, mwenye mtoto wa umri fulani, anayetumia sabuni fulani. Akimfikisha mlangoni wakamkataa, hana chake. Wewe ungefanyaje?"

Nilinyamaza, maana mzee alisema kweli. Ukimlipa mtu kwa kichwa, atakuletea vichwa. Mama yule angelipwa kwa siku zake za kutafuta, asingekuwa na haja ya kumfundisha bodaboda ufugaji. Wapo pia wale wanaoitwa kama akiba, wanaalikwa kumi ili wapatikane wanane, na wawili waliozidi wanarudishwa nyumbani. Nimesikia wapo wanaolipa hata hao, na wamefanya haki, kwa sababu mtu ameshaacha shughuli zake. Lakini nimewaona kwa macho yangu akina mama wakirudishwa getini mikono mitupu, na daladala wamelipa wenyewe. Hilo linaniuma kuliko zile 15,000.

Na si kwamba hakuna taratibu. Watafiti wa soko duniani wana chama chao, ESOMAR, na maadili yao yameandikwa: mtu ashiriki kwa hiari, aambiwe kama anarekodiwa, na utafiti usigeuzwe mlango wa kumuuzia bidhaa. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jina la dada, namba yake, sura yake kwenye ile kamera, vyote ni taarifa zake. Ana haki ya kujua vinachukuliwa kwa kazi gani. Ile karatasi aliyosaini ilipaswa kusomwa naye kwa utulivu, na kiasi cha pesa kiwe juu kabisa, kwa tarakimu na kwa maneno, kabla hajakaa kwenye kiti.

Kuna na wale wa kwenye simu, jaza maswali upate pesa, tuma kwanza 5,000 ya kujisajili. Hao ni wezi. Mtafiti anakulipa wewe, hakutozi. Nimemwambia bodaboda awaambie na wenzake pale stendi.

Jana nilipita kwa dada kununua vitumbua vya chai. Simu yake ikaita, ni mama mkusanyaji. Kuna kikao kingine Jumamosi, cha unga wa ngano, wanataka wapishi. Nilimsikia akianza: "Ila ukiulizwa sema hujawahi kushiriki..." Dada akamkatiza, kwa adabu.

"Shikamoo mama. Nimeshiriki wiki iliyopita, siwezi kusema sijashiriki. Wakinitaka hivyohivyo nitakuja. Ni shilingi ngapi, na nitaiona imeandikwa wapi?"

Upande wa pili kimya. Dada akabana simu kwa bega, akachukua kijiti, akaanza kugeuza vitumbua kimoja kimoja, akisubiri jibu.