Namna ya Kugusa Ringi na Kubaki na Magoti Yako

Kwanza, punguza haraka. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini na haihami. James Naismith, mwanzilishi wa mpira wa kikapu, alipopigilia vikapu vyake vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi kule Springfield, Marekani, Desemba 1891, roshani ilikuwa futi 10, na kimo hicho ndicho tulicho nacho hadi leo. Itakusubiri. Acha pia kujipima mlangoni kila asubuhi ukitaka kumfikia Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA ya mwaka 2009, ana mita 2.21, kwake ringi ni jirani. Badala yake mtazame Spud Webb, mwenye mita 1.68 hivi, aliyetwaa taji la kudanki la NBA mwaka 1986.

Tafuta chaki. Paka vidoleni, simama ubavu ukutani, visigino chini, gusa juu mwisho wa mkono. Ruka, gusa tena. Nafasi kati ya alama hizo mbili ndiyo mruko wako. Hayo mengine ni ya kijiweni.

Sasa jifunze kutua, kabla hujajifunza kupaa. Panda ngazi ya chini ya jukwaa, jiachie, tua kwa miguu miwili, mwenzako akiwa mbele anakukagua magoti. Yakifuata uelekeo wa vidole vya miguu, endelea. Yakikumbatiana, rudia, na hasa wewe binti: kano ya ndani ya goti hukatika zaidi kwa wasichana kuliko kwa wavulana wa mchezo huohuo, na mara nyingi hakuna aliyekugusa, umetua vibaya tu au umegeuka ghafla. Sikiliza pia viatu. Kishindo kikifika kantini, hapo hukutua, ulianguka.

Nguvu zinatoka kwenye makalio, mapaja na vigimbi. Chuchumaa hadi mapaja yalale sambamba na sakafu, inuka. Ukizoea, beba begi la madaftari. Vile vyuma vya makopo ya saruji vya jimu ya mtaani visubiri mgongo wako ukae sawa na mtu mzima anayejua awepo. Wanaosema vyuma vinadumaza, wapuuze: mazoezi ya uzito yakisimamiwa vizuri hayamzuii mtoto kurefuka.

Makocha wetu, shikamooni, lakini kichurachura mnachowazungusha watoto kwenye sakafu ya saruji mpaka watambae ni adhabu, na kinawafundisha kuruka chini. Mguu hujifunza kupaa unaporuka kwa nguvu zote ukiwa umepumzika. Miruko mitano, dakika mbili za kupumua, mizunguko mitatu au minne, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Mruko ukianza kupungua, fungeni mazoezi. Watoto wakale wali maharage na dagaa, walale kwa muda wa saa 8 hadi 10.

Na ukisikia maumivu kwenye kile kinundu chini ya pia ya goti, usimfiche kocha kwa kuogopa kukosa bonanza. Huenda ni Osgood-Schlatter: unarefuka, na kano inavuta pale iliposhikamana na mfupa ambao haujakomaa. Kwa kawaida huisha ukimaliza kukua. Nenda ukaonwe na daktari, punguza kuruka, na wakati huo piga mitupo huru kwa wingi. Ile haidai mruko wowote, na mechi nyingi za shule zinapotelea hapo.