Kila Nilichonunua Kina Mwenyewe

Siku hizi kila nilichonunua kina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Risiti ninazo, nimezitia bahasha moja na hati ya kiwanja, ila hazinisaidii kitu. Runinga ya sebuleni ikitaka kujisasisha, saa yake ya kutaka ni saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza. Inaniwekea vitufe viwili, "Sasa" na "Baadaye". Cha "Hapana" hakipo. Simu nayo hainionyeshi hata hali ya hewa mpaka nikubali masharti, kurasa na kurasa za lugha ya mahakamani, na mwisho wake kuna kitufe kilichokwisha kupakwa kijani ili kunisaidia kuamua. Nilipooa niliulizwa mara moja tu kama nimekubali, mbele ya mashahidi, kwa lugha ninayoijua, na mahari ikatajwa hadharani. Kwa simu nimeshakubali mambo ambayo mke wangu hayajui, na mimi mwenyewe siyajui.

Tukilalamika hivi sisi watu wazima, vijana hutujibu, "Mzee, ndiyo teknolojia hiyo." Utadhani tulizaliwa kabla ya moto. Teknolojia tulikuwa nayo. Kabla mitambo ya analojia haijazimwa Dar es Salaam, Desemba 31, 2012, antena ya kwangu ilikuwa mti mrefu wenye kifuniko cha sufuria kileleni, na fundi wake alikuwa mtoto aliyepandishwa juu ya bati. Mmoja yuko juu anazungusha, wa pili yuko dirishani anapokea salamu na kuzipeleka, wa tatu yuko mbele ya runinga anapiga kelele: "Hapo hapo! Aah, umepita! Rudi kidogo!" Mtoto yule alijua mnara uko upande gani. Alijua kifuniko cha bati kinakamata na cha plastiki hakikamati kitu. Hakuna aliyemfundisha, isipokuwa matusi ya kaka zake. Sasa tuna king'amuzi. Kifurushi kikiisha picha inakatika, na hakuna cha kuzungusha, kuna namba ya kulipia.

Jirani yangu anauza chapati. Alichukua simu janja ya mkopo, analipa kidogo kidogo kila siku. Mvua ikinyesha biashara hulala, na biashara ikilala, simu nayo inajifunga. Kioo kinawaka, saa inaonekana, lakini ukigusa popote inakuletea deni lako. Oda za asubuhi zimo humo humo ndani. Mdai wa zamani alikuja mwenyewe akapiga hodi, ukamtuma mtoto akaseme baba katoka, naye akajua umo uvunguni, akaondoka, mkaheshimiana. Huyu wa sasa unalala naye chini ya mto. Hata hivyo mama wa watu asingeipata simu ile kwa taslimu, na deni ni deni, hapo sina la kusema.

Basi tumzungumzie aliyelipa taslimu. Mwezi Julai 2009, wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell ili wavisome kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu, waliviangalia, wakakuta havipo. Amazon, kampuni iliyowauzia, ilikuwa imegundua kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Ikaingia ndani ya vifaa vya watu kwa mbali, ikavifuta, ikawarudishia fedha zao. Kimoja ni 1984, na tafadhali usicheke, kwa sababu kinahusu serikali inayofuta maandishi isiyoyataka. Cha pili ni kile tulichokisoma sisi kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Mwanafunzi mmoja wa Michigan aliyekuwa ameweka madokezo yake ndani ya 1984 akabaki na madokezo yasiyo na kitabu, akaenda mahakamani. Jeff Bezos, bosi wa kampuni wakati huo, aliomba radhi. Nakala yangu ya Shamba la Wanyama haina jalada, kurasa za mwisho zimeliwa na mende, na shemeji yangu aliiazima akakaa nayo miaka. Lakini hata shemeji, ili aichukue, ilimbidi apite mlangoni na aseme hodi.

Na ukisema basi nitashika changu mwenyewe, kitakufia mkononi. Betri ya simu yangu ilipochoka nilikwenda kwa fundi wangu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ambaye meza yake haitoshi viwiko vyake viwili. Alianza kwa kuipasha moto mgongoni mpaka gundi ikalegea. Akachomeka kadi ya benki iliyokwisha muda wake, akaizungusha taratibu ukingoni, pumzi ameibana. Nikamuuliza bei. "Mzee wangu, usiniongeleshe hapa, nikiteleza kioo kimekwenda." Gundi! Betri ni kitu cha kufa, aliyeitengeneza anajua itakufa, na bado akaigandisha mle kwa gundi. Tulipowasha, simu ikaandika kwamba betri hii haiitambui. Inaandika hivyo mpaka leo. Fundi akaniambia nisijali, haina madhara, inanung'unika tu. Nikaona nimepata mwenzangu.

Wapo wanaokumbuka kitochi, Nokia 1100 ya mwaka 2003. Ilikuwa ikianguka inagawanyika vipande, mfuniko huku, betri uvunguni mwa kochi, simu yenyewe chini ya meza. Unapiga magoti, unakusanya, unapachika, unaendelea na mazungumzo pale pale mlipokatikia. Umoja wa Ulaya sasa una sheria inayotaka, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na mwenye kifaa, ingawa misamaha haikukosekana. Colorado, Marekani, mwaka 2023 walipitisha sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza matrekta yao wenyewe. Kumbe na mkulima wa Marekani naye alikuwa na trekta lenye mwenyewe.

Haya yote ningeyavumilia, watu wazima tumezoea kuonewa. Kilichonipandisha presha ni daftari la mjukuu wangu. Yuko kidato cha pili, anakaa kwangu, na jioni moja akataka nimsikilize anachosoma, somo lenyewe ni betri. Akanimwagia kwa Kiingereza bila kumeza mate: ganda la zinki, kijiti cha kaboni, manganizi dioksaidi, kloridi ya amonia. Mchoro alikuwa nao, wa kalamu ya risasi na rula, mishale imenyooka. Nikachomoa betri iliyokufa kwenye redio nikampa. "Haya, nionyeshe hiyo zinki." Akaigeuza, akaitazama juu na chini, akasoma maandishi ya nje. "Babu, hii siyo ya kwenye silabasi."

Tukaipasua kwa kisu kwenye gazeti. Akaona lile ganda lilivyoliwa na kutoboka, akaona unga mweusi wenye unyevu, akachomoa kijiti cha katikati akakichorea sakafuni. "Kumbe ni mkaa!" Ni mkaa, mwanangu, nenda kanawe. Sisi tulikuwa tumeshavunja betri nyingi kabla hatujasikia neno kemia. Ule unga tuliupaka ubao wa darasa ukawa mweusi, vile vijiti tulichorea magoli ukutani kwa watu. Betri zikichoka siku ya mpira tulizianika juu ya bati saa saba mchana, na redio ikazinduka kwa muda, sauti ndogo, inatosha kusikia goli la kufungwa. Joto linaharakisha kemia ya mle ndani, ndiyo siri yake. Mwalimu angeanzia kwenye betri zilizoanikwa darasa zima lingemsikiliza. Alianzia kwenye fasili ya kukariri.

Na usiniambie hakuna maabara. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, muda ukasogezwa mpaka Juni 2015, na michango tulitoa, mtendaji wa mtaa alihakikisha tumetoa. Katika shule ya mjukuu wangu jengo limesimama. Hadubini ipo. Iko ndani ya kabati, kabati lina kufuli, ufunguo unakaa kwa mkuu wa shule, na ukiuliza sababu unaambiwa isiharibike. Inatoka siku za mitihani, inarudi. Kijana amechora hadubini mpaka anajua kila skrubu yake kwa jina, lakini hajawahi kuchungulia ngozi ya kitunguu, na vitunguu vimejaa jikoni. Kweli haijaharibika, nalikiri hilo. Kuna walimu wanaotaka kuitoa na darasa limefurika, kioo kikivunjika ni wao watakaoandika barua ya maelezo, kwa hiyo siwatupii mzigo wote.

Watu wakitaka kusifia sayansi yetu humtaja Erasto Mpemba, na mimi sikatai, ila huwa wanaruka sehemu ninayoipenda. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Magamba, huko Lushoto. Wavulana wa shule ile walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinagombewa. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akasukumiza yake ya moto. Ikaganda kabla ya ya mwenzake ambayo haikuwa imechemshwa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii swali lake likageuka utani wa darasa, mtu akikosea wanasema hiyo ni ya Mpemba. Ndipo akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akamuuliza mbele ya watu, wenzake wakacheka, Osborne akaenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo kwa majina yao wawili. Wanasayansi wanabishana hadi leo, na mwaka 2016 wako waliopima wakasema hawaioni hiyo tofauti. Wabishane tu, ndiyo kazi yao.

Wengi hubaki wanashangaa ujasiri wa kijana. Mimi nabaki kwenye friji. Shule ya sekondari, mwaka 1963, friji lina wavulana wanaolisogelea na masufuria yao, wanasukumana, wanamwaga maziwa, na hakuna aliyewawekea kufuli! Lilikuwa hatarini kuharibika, na Mpemba alijua maziwa ya moto yangeweza kuliharibu. Leo lingekuwa na ufunguo, daftari la kusaini, na kama ni la kisasa, lingemwandikia Mpemba mwenyewe mlangoni kwamba chombo hiki hakitambuliwi.

Kwa hiyo nimemtolea mjukuu wangu redio ya zamani ya marehemu kaka yangu. Ilikuwa inafanya kazi, nasema hivi kwa sababu bibi yake analitaja sana jambo hilo. Skrubu nne, mgongo ukafunguka, na ndani ya mgongo pamebandikwa karatasi yenye mchoro wa nyaya zote, nani anapita wapi kwenda kwa nani. Aliyeitengeneza alitegemea ipo siku mtu atachungulia. Kijana alikaa sakafuni mpaka chakula kikapoa. Akafuata nyaya kwa kidole kutoka betri hadi spika, akachomoa kitu, ikanyamaza, akarudisha, ikasema. Aliuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, nikamwambia amuulize mwalimu, na mwalimu akikosa na yeye akachungulie. Walipofunga, yeye na dada yake mdogo, redio ikaimba na skrubu moja ikabaki mkononi. "Babu, hii haikuwa na kazi." Nikamwambia aitie kwenye kikopo, siku redio ikinyamaza tutajua kazi yake ilikuwa ipi.

Jumamosi ni zamu ya feni. Bibi yao ameshapata habari. Pasi na blenda amevihamishia kwenye kabati lake la nguo, amelipiga kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga. Nilipomuuliza sababu, akaniambia visiharibike.