Mikono Juu, Kamunyonge

Vijana wa Kamunyonge wana bahati. Uchaguzi ukinukia, spika zinafika hadi mtaani na wanachaniwa bure: jiandikisheni, jitokezeni, kura ni sauti yenu! Hip hop ni muziki safi, mradi ikome kwenye sanduku la kura. Ikivuka hapo, spika hukoroma. Hilo tuwaachie mafundi mitambo.

Tena tumewahi kuwa na serikali yenye sikio la muziki. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake “Wapo”. Kesho yake Rais Magufuli, kupitia Waziri Mwakyembe, akaagiza aachiwe, na ushauri juu: aongeze mistari kuhusu wakwepa kodi. Marekani yenyewe imewahi kuwa na produsa kama huyo?

Kwa hiyo mkipewa maiki, wanangu, imbeni kiitikio tu. Beti zina kamati yake.