Mninga, Kigae na Mto wa Kochi

Usiku mmoja, katika ghala la vifaa vya ujenzi Mtaa wa Gerezani, Kariakoo, bawabu alipokwisha kujigubika shuka lake, Ubao wa Mninga, aliyekuwa ubawa wa mlango katika nyumba ya vyumba sita iliyobomolewa kupisha ghorofa, aliamkiwa na Kigae kijana, aliyechapwa usoni sura ya mbao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu, ingawa sijui nasaba yetu imekutania wapi, maana asili yangu ni mti wa miombo, nawe asili yako ni udongo na tanuri."

"Nasaba ni uso, babu. Litazame hili jicho la tawi, nani atakayetofautisha?"

"Jicho hilo nimeliona kwa wenzio wanne ndani ya boksi moja, mahali pale pale. Lahaula! Mti gani huo uliochipua tawi kwa rula?"

Kigae hakutahayari. "Hata hivyo, bibi aliyekuja asubuhi kuchagua sakafu alinilazia mto wake kifuani kitambo kirefu kuliko wewe."

Mto huo ulikuwa wa kochi, wenye rangi ya damu ya mzee, ambayo kwa hakika ndiyo rangi ya utomvu umtokao mninga akikatwa; lakini bibi hakuwa na habari hiyo, wala muuzaji hakuona haja ya kumpa.

"Ndilo linihuzunishalo," akasema Mninga. "Sebule yake, kwa kauli yake mwenyewe, ni nyembamba, na dirisha lake moja latazamana na ukuta wa jirani, karibu hata harufu ya mchuzi wao huingia bila hodi, naye hakuuliza ni mbao ipi itakayokipa chumba kile nuru, wala hakujua kwamba mbao zikilazwa kuelekea dirishani mwanga huzifuata urefu wake na viungo vikafichika. Sakafu ya kukaa miaka hamsini imeoana na mto wa kochi la mkopo!"

"Nami maji hayanidhuru, babu. Wewe ukilowa hutuna."

"Jikoni na msalani nakuachia, tena kwa radhi. Ama sebuleni, mkongo ni mgumu kunishinda, na msaji ana mafuta yake, lakini mimi nikikaushwa sawasawa nasifika kwa utulivu. Sharti fundi asiwe na pupa: anilaze siku kadhaa chumbani nizoee hewa ile, maana mvuke wa Pwani ukikutana na kiyoyozi hututaabisha, saruji iwe imekauka barabara, na ukutani aache uwazi wa kama milimita 10, tupate kupumua."

"Siku kadhaa! Bibi ana wageni Jumamosi."

Hapo Mkeka wa ukindu, aliyekunjwa nyuma ya ndoo za rangi na ambaye hadi dakika ile walimdhania amelala, akakohoa kwa adabu.

"Niwieni radhi, wanangu. Bibi alipotoka hapa aliingia duka la pili, nami masikio yangu yakamfuata. Amekwisha kukatiwa zulia, ukuta kwa ukuta."

Ghala lote likazizima. Bawabu, aliyedhani mnong'ono ule ni wa panya, akalipiga bati kwa fimbo yake mara mbili, akageukia upande wa pili.