Shemeji na Ratiba Yake

Miongoni mwa mitihani ambayo Mwenyezi Mungu huwajaribia wenyeji wa Unguja mjini, mmoja usiokuwa mwepesi ni mgeni mwenye ratiba. Mgeni asiyekuwa nayo ni neema, kwani humweka barazani, ukamletea kahawa na kashata, na mji ukampitia mwenyewe mbele ya macho yake; lakini yule aliyekwisha kulipangia kila jengo dakika zake hutaka mji umtii, na mji huu, ambao umewaona masultani, mabalozi na mabaharia wa pepo zote za kaskazi na kusi wakija na kuondoka, haukuzoea kutii.

Shemeji yangu, mhasibu mstaafu wa Tabora, alishuka bandarini Malindi na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, majina ya mahali safu ya kushoto na saa safu ya kulia: Beit-el-Ajaib, saa 3:00 hadi 3:45, Ngome Kongwe, saa 3:50, Darajani, saa 4:30. Kutoka kwetu Mkunazini hadi Forodhani, kwa hesabu ya miguu, si mwendo wa kumtoa mtu jasho, wala sikuwa na hoja ya kumpinga, ila hesabu yake ilikuwa imesahau salamu. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba hata watu wawili hawapishani pasi na kusabahiana, na kusabahiana kwetu hakuishi kwa kuulizana hali, bali hufuata hali ya nyumbani, na ya watoto, na ya yule mgonjwa aliyekwisha pona tangu mwaka jana. Kisha huulizwa mgeni ni nani, na akishajulikana kuwa ni shemeji, hapo ndipo mazungumzo huanza. Sokomuhogo, wazee walipokuwa wakicheza dhumna, tulikalishwa kwa nguvu.

“Shemeji, tumechelewa,” alininong’oneza kikombe kikiwa mkononi.

“Mnakwenda kumuona mgonjwa?” aliuliza mzee mmoja aliyemsikia. Shemeji aliposema hapana, akaongezwa kahawa.

Tulitokeza Forodhani adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa. Beit-el-Ajaib, kasri aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambayo ilipata taa za umeme wakati majumba mengi ya pwani yakingali yakiwasha kandili, ilikuwa imeporomoka sehemu yake Desemba 2020, na shemeji akakabiliwa na uzio. Aliutazama kwa heshima, akatoa kalamu, akaandika mkabala na jina lake: “Imeahirishwa.”

Kesho yake zamu ilikuwa ya kisiwa cha Changuu, na ratiba ilitaka tufike, tuone na turudi kabla ya saa 7:00. Bahari haikuwa imepewa nakala. Nahodha alitushusha maji yakiwa magotini, shemeji viatu mkononi na karatasi kaiuma kwa meno, akaenda kukagua gereza lililojengwa miaka ya 1890 ambalo halikupata kufunga wafungwa, kwa kuwa liligeuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Kisha tukaingia kwa kobe wakubwa, ambao wa mwanzo wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na ambao umri wao huandikwa kwa rangi ya buluu juu ya magamba. Shemeji alichutama mbele ya mmoja aliyemzidi umri maradufu, mchicha mkono wa kulia na ratiba mkono wa kushoto. Kobe alinyoosha shingo yenye makunyanzi, akaupita mchicha, akaibana karatasi kwa upande, na kuanza kutafuna kwa utulivu wa kadhi anayesikiliza kesi ya mirathi. Tulivuta, naye akavuta. Na ilipochanika tukaona kwamba alikuwa amekula safu ya saa yote, akabakisha safu ya majina.

Tangu hapo safari zetu zilipata baraka, japo si nafuu. Katika gari la shamba shemeji alibanwa baina ya godoro na beseni la dagaa, akapakatishwa kuku wa mtu asiyemjua, na kila alipodhani gari limejaa, utingo aliita, “Sogea mzee, nafasi ipo!” na ajabu ni kuwa ilikuwapo. Katika msitu wa Jozani tuliwakuta kima punju, wanyama wasiopatikana porini ila katika visiwa vyetu, ambao hula makaa ili kuvunja sumu ya majani ya mikungu. Na mwongozaji alipokuwa bado anatuonya tusisimame chini yao, kofia ya shemeji ilikwisha pata habari hiyo kutoka juu. Magharibi ilitukuta Kizimkazi Dimbani, katika msikiti wenye maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, naye mhasibu wangu, baada ya kusali, aliketi nje akizungumza na wazee wa kijiji hata gari la mwisho likatuacha, wala hakuuliza saa.

Kwa hiyo nawausia wenyeji wenzangu: mgeni akishuka Malindi na karatasi iliyopigwa rula, asipelekwe kwanza Forodhani wala Darajani, apelekwe Changuu, na mchicha usinunuliwe.