Sikufanya Kusudi: Mwongozo wa Kutafuta Maana ya Maisha kwa Hatua Saba

Mtoto wa Kiswahili hulijua neno kusudi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Bilauri imedondoka, vigae vimetapakaa, mama amesimama mlangoni na kandambili mkononi. "Umefanya kusudi!" "Sikufanya kusudi, mama, haki ya Mungu!" Utoto wetu wote tuliutumia kulikana kusudi kwa machozi na viapo. Aliyekutwa nalo alichapwa, asiye nalo alisamehewa.

Mtu huyohuyo anafikisha miaka ishirini na minane. Ameketi kwenye ukumbi wa hoteli, kiingilio kimelipwa, na mwanamume mwenye kipaza sauti cha shavuni anamnyooshea kidole: "Wewe hapo! Kusudi lako ni lipi?" Mtu huyo ni mimi, na ulimi uliniwahi. Nilisema, "Sina, bwana, muulize mama."

Tangu siku hiyo ni zaidi ya miaka kumi nalitafuta. Kulipata sijalipata, lakini njia naijua kona kwa kona, nami naona choyo kukaa nayo peke yangu. Wengine wenye ujuzi kama wangu wanakutoza. Mimi nakupa bure.

Mahitaji: daftari jipya (la zamani lina hesabu za madeni, litakuvurugia tafakari), kalamu za rangi nne, simu yenye bando, kazi ya kuacha, na ndugu mmoja mwenye moyo laini anayelipa kodi ya nyumba.

Hatua ya 1: Gundua kwamba huna

Hadi sasa ulidhani unaishi. Uliamka, ukagombania daladala, ukafanya kazi, ukarudi, ukacheka na watu kibarazani, ukalala. Hayo yote ni dalili ya ugonjwa. Ili uuhisi vizuri, chagua Jumapili jioni, bando limekata, kesho kazini. Usijaribu baada ya pilau. Hakuna mtu aliyewahi kujiuliza kwa nini yupo duniani huku akichokonoa nyama ya pilau kwenye meno.

Ukishaugundua ugonjwa, watangazie wenzako. Pale kona ya mtaa wetu palikuwa na mzee, fundi baiskeli, ambaye kila asubuhi aliniuliza, "Mjukuu, umeamkaje?" Kabla ya semina ile ya hotelini nilijibu, "Salama, babu, shikamoo." Baada ya semina nilimjibu kwamba nimeamka na utupu wa ndani. Akaniangalia kitambo, akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akasema, "Chai umekunywa?"

Hiyo ndiyo aina ya mtu wa kumwepuka katika safari hii.

Hatua ya 2: Chora miduara

Wajapani wana neno ikigai, yaani jambo linalofanya maisha yawe na thamani. Kwao linaweza kuwa dogo tu: bustani ya mboga, mjukuu, kikombe cha chai ya asubuhi. Hilo halitatufaa, haliuziki. Tunachokihitaji ni ule mchoro wa miduara minne inayopandana: unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji, na unacholipwa. Mchoro huo haukutoka Japani. Mwaka 2014 Mwingereza mmoja, Marc Winn, alichukua miduara iliyokuwa tayari ikizungumzia kusudi, akaweka neno ikigai katikati. Basi. Ukiulizwa, sema ni hekima ya kale ya Mashariki.

Chora kwa kalamu zako nne. Mimi ninachokipenda ni kulala mchana. Ninachokiweza ni hichohicho. Dunia haikukihitaji, na aliyekuwa akinilipa alikigundua. Katikati ya miduara palibaki nafasi tupu, na humo nikaandika namba ya simu ya mwenye nyumba ili nisiisahau.

Tahadhari: usimkaribie Siti binti Saad. Binti huyu wa Fumba, Unguja, alizunguka akiuza vyungu, na ili watu watoke nje wanunue, akawa anaviimbia. Hakuchora kitu. Hakuwa anatafuta kusudi, alikuwa anatafuta mteja. Mwaka 1928 akapanda meli hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya muuza vyungu ikaenea pwani nzima. Mifano ya namna hii inavunja moyo. Inatia watu fikra kwamba wangeweza kuanza na vyungu.

Hatua ya 3: Nunua vitabu, ila usivimalize

Rafu yenye vitabu vya kusudi inapendeza sana nyuma yako unapopiga simu ya video. Kuna kimoja kitakachokuita kwa unyenyekevu: cha Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna, aliyefungwa katika kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Mkewe na wazazi wake hawakutoka hai. Kitabu kilitoka mwaka 1946, na kila mzungumzaji wa semina anakitaja.

Kinunue. Kipige picha kando ya kikombe cha kahawa. Lakini usikisome hadi ndani, maana huko mzee anageuza meza. Anasema si wewe unayeyauliza maisha yana maana gani, bali maisha ndiyo yanayokuuliza wewe, nawe unayajibu kwa kutimiza wajibu ulio mbele yako, leo, kwa mtu fulani, kwa kazi fulani. Fikiria hasara yake! Mtu akilielewa hilo asubuhi, jioni yupo kwa shangazi yake anatengeneza bomba linalovuja, na tiketi za semina nani atanunua?

Hatua ya 4: Acha kazi

"Usiajiriwe, jiajiri!" aliwaka mzungumzaji wetu, ambaye siku hiyo alikuwa ameajiriwa kuzungumza. Nikaacha.

Mwaka 2013 na 2014 kusudi lilikuja na mabawa: kware. Kenya na Tanzania tulishikwa na wazimu mmoja. Yai lake, tuliambiwa, linatibu kila kitu kuanzia pumu hadi mkosi. Kenya mfugaji alihitaji kibali cha wanyamapori, jambo lililotuthibitishia kwamba huyu si ndege wa mchezo. Nilinunua majike hamsini na madume kadhaa kutoka kwa kampuni moja iliyoahidi kuninunulia mayai yote. Kampuni ilihama ofisi. Wakati huo kila nyumba ilikuwa inauza mayai ya kware na hakuna nyumba iliyokuwa inayala. Tulikuwa tunauziana mbegu, kama watu waliokaa duara wakivuana kofia.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, nilipata mteja mmoja mwaminifu: yule fundi baiskeli. Kila Ijumaa trei moja, taslimu, hadi kware wa mwisho alipokufa. Nilimhesabu kama ushahidi kwamba soko lipo.

Ukitaka kuacha kazi kwa heshima zaidi, utasikia watu wakimtaja Utubora, yule wa riwaya ya Shaaban Robert, *Utubora Mkulima*, iliyochapishwa 1968. Utubora anauacha mshahara Unguja, anarudi bara kulima. Safi kabisa. Lakini chunga mambo mawili. La kwanza, Utubora analishika jembe mwenyewe. Halimi kwa simu kutoka Sinza huku msimamizi wa shamba akimtumia picha za tikiti maji la mtu mwingine. La pili, mwandishi wake hakuiga. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani forodhani mwaka 1926 na alibaki mtumishi wa serikali miaka mingi, huku vitabu vikimtoka. Ukimtaja kwenye semina, taja shujaa, usimtaje karani.

Hatua ya 5: Usiwaulize wazee

Nilikosea nikamuuliza baba mdogo, aliyekuwa kijana miaka ya Operesheni Vijiji. Nikamwambia, "Baba mdogo, ninyi kusudi la maisha mlilipataje?"

"Tulishushiwa kwa lori," akasema.

Hakutania. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na si wote waliofunga mizigo kwa hiari. Kusudi lilikuwa moja kwa taifa zima, limeshaandikwa, limeshapigiwa makofi.

"Mlilipenda?"

"Nani alikuwa na nafasi ya kupenda? Tulikuwa tunatafuta maji."

Unaona tatizo la wazee? Unawauliza jambo la nafsi, wanakujibu kwa ndoo.

Hatua ya 6: Panda juu

Kusudi, kwa sababu ambazo hazijulikani, huishi milimani. Halijawahi kuonekana Kariakoo. Wenye fedha huenda Kilimanjaro, mita 5,895, kujitafuta. Kanuni ya hifadhi inataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na humo ndani mna hema, meza, viti, mayai, na wakati mwingine choo cha kukunja, kwa kuwa mtu hawezi kujitafuta bila choo. Wapagazi hao, ambao wenyewe huitana wagumu, wamepanda mara nyingi kuliko wateja wao wote. Sijasikia hata mmoja aliyeshuka akasema amekuta nafsi ya mgeni imesahauliwa kambini Barafu. Wao huko juu hupandia ada ya shule.

Mimi mfuko uliniruhusu Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Nilipanga chumba siku nne, nikazima simu, nikakaa juu ya jabali na daftari langu. Siku ya kwanza nilisikia baridi. Ya pili nilisikia njaa. Ya tatu nikaandika sentensi moja, "Mimi ni nani?", nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ya nne nikapanda basi.

Kuzima simu ni sharti. Ukiiwasha, utapatikana.

Hatua ya 7: Rudi nyumbani

Niliwasha simu tukiwa Chalinze. Ujumbe uliingia mfululizo hadi simu ikatetemeka kama ina homa. Fundi baiskeli alifariki Ijumaa usiku. Jumamosi baada ya adhuhuri walimzika. Nilikuwa juu ya jabali.

Nilifika mtaani Jumatatu. Turubai bado limetandwa, sufuria kubwa ziko mekoni. Mama wa vitumbua, jirani yetu, alikuwa ameshika mwiko mrefu kama kasia. Hakunijibu salamu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa milimani, mama. Kutafuta maana ya maisha."

Akakoroga mara mbili. "Mwanangu, wewe huna maana."

Miaka kumi ya semina, na jibu nilipewa mekoni bila kiingilio. Nilisimama pale nikilitafakari kama lilivyokuja. Kwa Kiswahili hakuna ajiitaye mtu wa maana. Akijiita, watacheka hadi watoto. Maana unapewa. Jirani ndiye anayesema, "Yule ni mtu wa maana," na jirani huyohuyo ndiye anayekuvua maana hiyo siku usipoonekana mazishini. Mimi nilikuwa nimepekua daftari, miduara, matumbo ya kware na miamba ya Usambara, nikitafuta kitu ambacho siku zote kilikuwa midomoni mwa watu.

"Alikuwa akinunua mayai yangu," nilisema, kwa kukosa la kusema.

"Mayai!" Mwiko ukasimama. "Mzee yule alikuwa hali mayai tangu ujana wake, yanamtoa vipele mwili mzima. Kila Ijumaa alikuwa ananiletea mimi. 'Gawa,' ananiambia, 'lakini yule kijana asijue.'"

Hapa mwongozo wa kawaida hukupa zoezi la kuandika. Sikupewa. Nilipewa rundo la sahani nizipeleke kwenye turubai, wageni wa hitima walikuwa wameshakaa. Nilizibeba mikono miwili hadi kidevuni, nikavuka uwanja nikipepesa macho kwa ajili ya moshi. Nasema ulikuwa moshi. Mguu ukanasa kwenye kamba ya turubai. Sahani tatu zikaenda.

Kimya. Mtaa mzima umegeuka. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikasikia sauti yangu ikitoka vilevile ilivyokuwa ikitoka miaka thelathini iliyopita:

"Sikufanya kusudi!"

"Tunajua," akasema mama wa vitumbua. "Okota vigae, kalete nyingine. Watu wanangoja kula."