Mtoto wa Kwanza, Punda wa Pili, Wewe wa Tatu

Umeamua kujitolea. Umeona picha ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo ameketi juu ya poni, wale farasi wadogo, anacheka mpaka jino la mwisho, ukajiambia kwamba hata hapa Morogoro jambo hilo lingefaa. Lingefaa kweli, na hamu hiyo usiizime. Ila picha ile imekuficha mengi. Haikuonyesha aliyezoa samadi tangu alfajiri, wala mama aliyeteremka mlimani na mtoto mgongoni, wala watu watatu waliotembea kando ya mnyama wakiwa wametota jasho. Mwongozo huu unahusu hao wasioonekana, maana kujitolea ni kukubali kuwa mmoja wao.

Usidhani pia kwamba unaanzisha jambo geni. Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944, miguu yake ikapooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, alishinda medali ya fedha kwa kuendesha farasi, ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Ushindi huo uliwafungua macho wengi. Uingereza ikapata chama chake cha watu wenye ulemavu wanaopanda farasi mwaka 1969, na Nairobi nako kuna chama cha aina hiyo. Njia imeshafyekwa. Kilichobaki ni kuipita kwa adabu, na adabu hiyo ina hatua zake.

1. Jifunze mnyama anafanya nini hasa

Usiende ukiwa na imani tu kwamba wanyama wana upendo. Farasi anapotembea taratibu, kiuno cha aliyempanda husogea mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kujizungusha kidogo, karibu sawasawa na kiuno cha mtu anayetembea kwa miguu yake. Mtoto ambaye hajawahi kupiga hatua hata moja mwili wake unapata kuonja mwendo. Joto la mnyama, linalokaribia nyuzi 38, husaidia misuli iliyokakamaa kulegea. Shingo na mgongo hulazimika kutafuta mizani kila mara, na hilo ni zoezi ambalo mtoto halioni kuwa zoezi. Mtoto mwenye usonji naye hupata mwenzake asiyemwuliza maswali wala kumkazia macho. Ukiyajua haya hutamwahidi mama yeyote muujiza. Utamwahidi mazoezi.

2. Chagua mnyama anayeweza kuishi hapa

Farasi na Morogoro wana historia chungu. Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliuteka mji huu, na katika kampeni ile farasi wao walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o na tauni ya farasi, ugonjwa unaoenezwa na usubi wanaouma usiku. Wadudu hao hawajahama. Ukitaka kufuga poni, jiandae kwa chanjo, banda la kufungwa kabla jua halijazama, na daktari wa mifugo aliye karibu. Kwa hilo la mwisho una bahati, maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina ndaki ya tiba ya wanyama hapa hapa mjini.

Ila kabla ya kuota poni, mtazame punda. Huyavumilia maradhi hayo kuliko farasi, mgongo wake uko chini kiasi cha kufikiwa na mtoto, na wafugaji wa Kilosa na Mvomero wanamjua tabia na tiba. Ukipanda milimani upande wa Mgeta utawakuta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Mtoto asiyeweza kumpanda mnyama anaweza kumpiga mbuzi brashi, kumlisha majani na kujifunza kukunjua vidole vilivyojifunga. Hiyo nayo ni kazi kamili, usiihesabu kuwa ya daraja la pili.

3. Piga hodi kwenye mlango unaohusika

Anza kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kisha nenda nyumbani kwa mtoto, usimwite ofisini. Mwamkie bibi shikamoo, ukae unapokaribishwa, useme ulichojia baada ya kuulizwa habari za ulikotoka. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito, kwa hiyo usiondoke na ruhusa ya baba pekee ukadhani umemaliza. Uliza nani atamleta mtoto, kwa nauli ipi, na nani atabaki shambani siku hiyo. Mama wa Kinole au Matombo anayekuja mjini amepoteza siku ya kazi. Kama mfuko wenu una fedha kidogo, nauli yake itangulie fulana zenye majina ya wajitoleaji.

Na usilitamke lile neno "maskini" mbele ya mtoto. Analisikia kila siku barabarani. Mwite kwa jina lake.

4. Mwache mtaalamu aseme hapana

Si kila mtoto apande. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye nyonga iliyoteguka, mwenye uti wa mgongo uliopinda sana, na baadhi ya watoto wenye hali ya Down ambao mifupa ya juu ya shingo yao haikushikana imara, wanaweza kuumia vibaya. Mtaalamu wa fiziotherapia ampime kila mtoto kabla ya siku ya kwanza, na maneno yake yaandikwe. Akikataa, usibembeleze. Rudi kwa mbuzi na brashi.

Kofia ngumu ni lazima, na iwe ya kupandia farasi. Ile ya bodaboda ni nzito mno kwa shingo changa.

5. Isahau methali ya mzigo

Tumezoea kusema punda afe, mzigo ufike. Katika kazi hii mzigo ni mtoto, na punda akichoka hakuna kinachofika. Chukua moja ya tano ya uzito wa mnyama kuwa kikomo. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150, basi mtoto na tandiko kwa pamoja wasizidi kilo 24 hadi 30. Wewe mwenyewe hupandi hata kidogo, hata kama ni dakika moja ya kujaribu.

Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Tandiko likaguliwe kila siku kwa mkono, maana jiwe dogo chini yake hugeuka kidonda. Mnyama afanye kazi nusu saa, apumzike kivulini, anywe maji. Februari, jua la Morogoro likiwa limekasirika, mnamaliza kabla ya saa nne asubuhi. Wakati wa masika uwanja ukiteleza mnafuta ratiba na kuwapigia simu wazazi mapema, kabla hawajatoka nyumbani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini usingoje sheria ikufundishe kuona kidonda.

6. Usilaumu mateke

Shukrani ya punda ni mateke, wanasema watu waliomkaribia kutoka nyuma. Punda na farasi hawaoni kilicho nyuma ya mkia wao. Mkaribie kwa ubavu, ongea kabla hujamgusa, anza na bega. Akisimama ghafla akagoma kutembea, usimvute wala kumchapa. Farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa mara nyingi husimama apime hatari, na watu wamekuwa wakiuita uangalifu huo ukaidi. Subiri. Tazama anakotazama. Huenda ni mfuko wa plastiki, huenda ni nyoka.

Kama unadhani mnyama hafundishiki bila fimbo, nenda hapo hapo Sokoine, ambako shirika la APOPO limekuwa na makao yake tangu mwaka 2000. Panya buku hufundishwa pale kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa mlio mdogo na tonge la ndizi kila wanapopatia. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Hakufika huko kwa kuchapwa.

7. Shika nafasi yako, kisha nyamaza

Kila mtoto ana watu watatu. Mmoja anaongoza mnyama kwa kamba, naye macho yake ni ya mnyama tu. Wawili wanatembea ubavuni, kulia na kushoto, mkono mmoja ukilinda paja la mtoto. Hao wawili hawageuki kusalimiana na jamaa aliyepita, hawapokei simu, hawaachii hata kwa kufukuza nzi. Mtoto apandie kwenye jukwaa lenye mteremko ili kiti cha magurudumu kifike, asinyanyuliwe juu juu kama gunia.

Anayezungumza na mtoto awe mmoja. Watu watatu wakimwambia "nyoosha mgongo", "tabasamu" na "shika hapa" kwa wakati mmoja, mtoto husikia kelele. Mpe agizo moja, kisha hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kulirudia. Kwa baadhi ya watoto jibu huchukua muda kutoka kichwani hadi mkononi, na wewe ukiwahi kumsaidia umemnyang'anya. Mtoto asiyesema anaweza kukubaliana nanyi ishara ya kumfanya punda aanze kutembea, kama kumgusa shingoni mara mbili. Siku atakapoitoa, mnyama aondoke papo hapo. Kuna watoto ambao hawajawahi kutoa amri ikatiiwa, na hapo ndipo ulipo moyo wa kazi hii.

8. Simu ibaki mfukoni

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Picha ya mtoto anayedondokwa na udenda, iliyosambazwa ili watu wakusifu, inatanguliza maslahi yako. Mwombe mzazi ruhusa, mwulize na mtoto kwa namna anayoielewa, na wakikataa usiulize sababu. Ukitaka kitu cha kuweka hadharani, piga picha banda ulilolisafisha.

9. Rudi wiki ijayo

Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Siku ya kwanza wajitoleaji huwa ishirini, na siku ya mvua huwa wawili. Mtoto mwenye usonji aliyekuzoea atakutafuta kwa macho Jumamosi inayofuata, na kutokuja kwako kutaivuruga siku yake nzima. Ahadi ndogo inayotimizwa humfaa kuliko ahadi kubwa. Kama unaweza mara moja kwa mwezi, sema mara moja kwa mwezi, kisha uje mvua inyeshe au kuwe na mechi. Mgeni kutoka ng'ambo naye ashughulikie kibali cha ukaazi cha daraja C mapema, akae miezi ya kutosha, na wiki zake za kwanza awe wa kuzoa samadi na kuchota maji. Huko ndiko atakakojifunza majina ya wanyama, ya watoto na ya mama zao.

10. Mfundishe atakayechukua kamba yako

Tangu mwezi wa kwanza anza kuwafundisha wazazi, kaka na dada wa watoto kuongoza punda, kukagua tandiko na kutembea ubavuni. Usiufanye ujuzi kuwa siri ya wajitoleaji. Mafunzo yenu yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na ufunguo wa banda ukae kwa mtu anayeishi jirani. Wajitoleaji huhama, huoa, hupata ajira Dodoma. Mtoto anabaki pale pale na mahitaji yale yale. Kwa hiyo hutapima kazi yako kwa idadi ya watoto uliowapandisha. Utaipima siku mama atakaposhika kamba na kumwongoza mwanawe kuuzunguka uwanja, bila kukutazama wala kukuuliza kitu, nawe ukiwa nyuma na koleo lako, unazoa samadi.